Masters ya saikolojia ya kliniki kwenye chuo cha dini, uliza nani atakusimamia

Juzi mdogo wangu mmoja wa hapa Kampala kanitumia meseji, dada nimepata nafasi ya masters ya saikolojia ya kliniki kwenye chuo cha dini, ada naiweza, niende ama niache? Tumeongea kwenye simu karibu saa nzima nikaona niandike na hapa, maana swali hili napata kila mwaka.

Dini yenyewe haina shida. Vyuo vya dini Uganda viko na vina heshima yake, IUIU ya Waislamu kule Mbale imeanza 1988, Nkozi ya Wakatoliki 1993, UCU ya Waanglikana kule Mukono 1997, halafu wagonjwa wetu wengi kabla hawajafika kwako wameshapita kwa mchungaji, kwa shehe ama kwa mganga, ukidharau hayo hawarudi tena. Kibali angalia haraka tu, NCHE, lile baraza la taifa la elimu ya juu, inaidhinisha kozi moja moja, siyo chuo peke yake, na kibali kina mwisho wake. Na soma jina la kozi vizuri, ushauri nasaha na kliniki ni vitu viwili tofauti.

Mimi nachoangalia sana ni mazoezi ya kazi. Utakaa na wagonjwa wapi, Butabika kwenye hospitali ya akili ama ofisini kwa chaplini? Na msimamizi wako ni mwanasaikolojia wa kliniki kweli, anakaa na wewe kila wiki mnapitia kesi zako, ama ni lekcha anayesaini fomu tu? Niliwahi kupokea mwanafunzi kutoka chuo kimoja cha dini, kijana mzuri, mpole, akakaa na mama aliyefiwa na mtoto, dakika kumi hazijaisha anamhimiza asamehe na amshukuru Mungu. Yule mama hakurudi. Kijana simlaumu, miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kukaa naye chumbani amwone anavyofanya kazi, na hilo mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo waulize wazi, mtu aliyejaribu kujiua akifika mnamfundisha mwanafunzi aanzie wapi? Hapa kwetu sheria bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa na dini inasema dhambi, mtu huyo anafika na hofu mbili, ukianza na toba anafunga mdomo na hutajua kama usiku huo yuko salama.

Uliza pia kama wanasoma kazi za hapa nyumbani. Ule utafiti wa Masaka na Rakai wa 2002, tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona, ulisimama juu ya maneno ya wanakijiji wenyewe kama okwekyawa, yaani kujichukia, na walioongoza vikundi ni watu wa huko huko waliofunzwa wiki mbili. Mwalimu anayekufundisha kusikiliza hivyo, awe padri awe shehe, mshike.

Mdogo wangu nimemwambia atafute wawili waliomaliza hapo awaulize mara ya mwisho msimamizi alikaa nao lini, na wakianza kusitasita ada asilipe kwanza.