Je, wajua kwa nini chombo kilicholala masika nzima huwaka kwa choki tu?

Pita gereji yoyote ya Ngamiani, Tanga, masika yakishaisha, utaikuta kesi ile ile. Pikipiki ya porini, au Suzuki ya zamani yenye difu mbili (magurudumu yote manne huvuta), imelala chini ya turubai tangu Machi kwa kuwa njia ya kupanda Amani au Magoroto ilikuwa tope tupu. Mwenyewe anavuta choki, kile kivuta cha kuwashia injini ikiwa baridi, anapiga kiki, injini inashika. Akiirudisha choki, inazima. Akishikilia mafuta inanguruma vizuri tu, akiachia, kimya. Betri nzima, plagi mpya, petroli imo. Sasa kulikoni?

Fundi mzoefu hana haja ya kufungua kitu ili akujibu. Mlio peke yake umeshamwambia kwamba jeti ndogo ya kabureta, yaani kijipande chenye tundu la kupitishia petroli, ile ya sailensi (injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta), imeziba.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo: karibu gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kazi hiyo haitegemei pampu wala umeme. Inategemea mvuto wa injini na koo lililobanwa katikati. Hewa ikipita penye wembamba huongeza mwendo na mgandamizo wake hushuka, jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilichapisha mwaka 1797, injini ya petroli ikiwa bado haijawazwa. Mgandamizo ukishuka, petroli hupanda yenyewe kutoka kwenye bakuli la chini, ikapita kwenye tundu la jeti na kuingia kooni.

Ukivuta mafuta, koo linafunguka, upepo ni mwingi, jeti kubwa inafanya kazi. Ukiachia, njia ya hewa inabaki kama ufa. Upepo wa kuvuta petroli kwenye jeti kubwa haupo tena, na injini inaishi kwa jeti ya sailensi peke yake. Kwenye pikipiki nyingi tundu la jeti hiyo halifiki hata nusu milimita. Ndiyo maana huwa la kwanza kuziba. Na choki inasaidia kwa sababu, kwenye kabureta nyingi, ni kibamba cha kuziba hewa: hewa ikikosekana, mvuto wote wa pistoni unahamia kwenye petroli, nayo inatoka hata pale ambapo kwa kawaida isingetoka. Anayezunguka mji akiwa amevuta choki hajatibu kitu, anachoma petroli nyingi na kuipaka plagi masizi.

Kinachoziba si vumbi. Ni petroli yenyewe. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi mno vinavyoanza kuchemka karibu nyuzi 30 za Selsiasi, vingine vizito vinavyovumilia hadi karibu 200. Kwenye bakuli la kabureta kuna vijiko vichache tu, na bakuli hilo lina tundu la kupumulia. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini ya baridi kuwaka, huondoka kwanza. Vinavyobaki huungana na oksijeni taratibu, rangi inageuka kahawia, harufu inakuwa ya vanishi, mwisho panabaki kitu kinachonata kama utomvu wa fenesi. Tone moja la utomvu huo linatosha kuziba tundu la jeti.

Marekani na Kanada, wenye pikipiki za magurudumu manne hujua habari hii tangu siku wanapozinunua. Theluji ikikaribia hutia tangini dawa ya kuzuia petroli isichachuke, huwasha injini dakika chache ili dawa ifike kwenye kabureta, hufunga koki ya mafuta na kumwaga bakuli, kisha chombo kinalala miezi mitano au sita. Huku kwetu huonekana kama ushauri wa watu wa baridi. Nadhani tunajidanganya. Kanuni ya jumla ya kemia inasema joto likipanda nyuzi 10, mambo mengi ya namna hii huenda karibu mara mbili ya kasi ya mwanzo. Petroli iliyolala kwenye banda lililoganda huko Minnesota inazeeka polepole. Iliyolala chini ya bati hapa Tanga, kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa baharini, inakimbia. Masika yetu ni mafupi kuliko baridi yao, lakini petroli haihesabu miezi peke yake.

(Mwenye Land Cruiser mkonga ya dizeli haya ya kabureta hayamhusu, aruke hadi kwenye betri. Mwenye gari la petroli la nozeli, lisilo na kabureta, naye ana nafuu, kwa kuwa mfumo wake umefungwa na hauna bakuli la kukaushia mafuta.)

Kusafisha hakuna maajabu, kunataka mkono mtulivu. Funga koki, mwaga bakuli kwa skrubu yake ya chini, fungua bakuli. Jeti ni za shaba nyeupe au njano, laini, kwa hiyo bisibisi iwe ya upana unaojaa mfereji; isiyotosha inakula kichwa na hapo kazi inakuwa ya siku nzima. Toa kwanza boya (lile linaloelea bakulini), oringi na mpira wowote, maana dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta huvimbisha mipira. Puliza dawa kwenye kila njia, vaa miwani, kisha fuata kwa upepo wa kompresa. Inua jeti uiangalie dhidi ya mwanga: lazima uone duara safi. Ukiona mwezi mchanga, bado.

Hapa mafundi wengi huchukua uzi wa waya wa chuma wakachokonoa. Mimi simwachii mtu afanye hivyo kwenye kabureta yangu. Tundu la milimita 0.40 likipanuka likawa 0.44, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 21, na petroli itakayopita itaongezeka nalo. Kwenye sailensi petroli inazidi hewa, bomba la moshi (sailensa) linatoa moshi mweusi, mafuta yanakwisha kabla hujafika Pangani. Kama jeti haifunguki kwa kuilowesha usiku kucha, nunua nyingine.

Tikisa boya sikioni. Likisikika kitu kinacheza ndani, limetoboka na limenywa petroli. Angalia pia ncha ya sindano inayofunga mafuta. Ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, petroli itapita usiku, pengine hadi kwenye oili. Vuta kijiti cha oili ukinuse kabla ya kuwasha. Na mambo haya yote yafanyike nje, mbali na jiko la mkaa.

Sasa kulaza chombo chenyewe. Osha tope lote, hasa la mfinyanzi mweusi wa barabara za Saadani, ambalo likikauka chini ya bodi hushika unyevu na chumvi ya pwani wiki kadhaa. Badilisha oili kabla ya kulaza, si baada, kwa sababu oili iliyotumika ina maji na asidi. Tangi la chuma lijaze pomoni ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kulitia kutu, kisha funga koki na umwage bakuli la kabureta kama wafanyavyo wenzetu wa theluji. Ondoa waya wa betri, ichaji ifike karibu volti 12.6, uiangalie kila mwezi. Ziba sailensa na mdomo wa chujio la hewa kwa kitambaa, kwa kuwa panya hupenda boksi la chujio na nyigu hujenga kwa udongo kwenye bomba lolote wanalolikuta wazi. Kitambaa kiache mkia unaoning'inia nje, ukione.

Halafu kuna desturi ya kuwasha dakika tano kila Jumapili, ati isilale sana. Iache. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji kama mvuke. Injini ikipata moto wa safari mvuke unatoka nje; ikiwashwa dakika tano, unagandia ndani ya sailensa na kwenye oili. Tena kila ukiwasha unaijaza upya kabureta uliyoimwaga. Kama ni lazima, endesha hadi Muheza na kurudi.

Mvua zikikatika, toa vitambaa, mwaga kidogo petroli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kuonea. Ikiwa angavu na inanukia kama petroli, ongezea mpya juu yake, kisha washa. Ikiwa kahawia yenye harufu ya vanishi, iondoe yote, na usiimwage mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mji huu inaishia baharini.