Okestra si kila penye kibodi

Jamani kadi za harusi za siku hizi zimezidi. Imeandikwa "burudani ya okestra kamili", unafika ukumbini unamkuta kijana mmoja na kibodi chake, spika mbili, na mwimbaji anaesubiri flashi ifunguke. Fidla zote unazozisikia zimo ndani ya kibodi. Muziki mtamu, watu wanacheza, ila okestra hapo haipo.

Okestra ni kundi kubwa la wapiga ala wanaokaa kwa mafungu, fidla na fidla, ngoma na ngoma, na kundi lenyewe lipo mwaka mzima, haliokotezwi siku ya shughuli. Basi.

Neno lina safari yake. Kwa Wagiriki wa kale lilikuwa jina la uwanja ulio mbele ya jukwaa, pale kundi la waimbaji lilipokuwa likicheza, baadae Ulaya wapiga ala wakakaa sehemu hiyo na jina likawaganda wao. Halafu likashuka Kongo na likafika Dar, ndo tukapata Orchestra Makassy na Orchestra Maquis, ambazo zilikuwa bendi za dansi, na nzuri kwelikweli, lakini hapo ndo mambo yalipochanganyika maana watu wazima wengi ukiwatajia okestra wao wanasikia gitaa na tarumbeta.

Tofauti na bendi ipo kwenye yale mafungu. Katika bendi gitaa la solo lina lake na besi lina lake, akikosekana mmoja pengo unalisikia. Katika okestra fidla kadhaa zinasema neno moja. Watazame Ikhwan Safaa, klabu yetu ya taarab ya Zanzibar, wakifungua na bashraf, yaani muziki wa ala tupu usio na maneno, kabla hata mwimbaji hajasimama, pinde zinapanda na kushuka sawasawa, mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kaiweka mapajani na kucha zake za kuvaa kwenye vidole viwili vya shahada, huku ngoma ya dumbaki na tari ya rika zikishika mwendo. Mwimbaji akimaliza ubeti fidla zote zinamjibu, na kinamama wanapita mbele kumtunza hawana haraka kwa sababu wanajua kiitikio kirefu. Kibodi kinaweza kuiga sauti ya hayo yote, sawa, lakini hakina watu ishirini waliokaa pamoja kufanya mazoezi.

Na kinachoniudhi zaidi ni yule yule aloandika "okestra kamili" kwenye kadi kukwambia eti Zanzibar hatuna okestra, okestra ni mambo ya Wazungu na suti nyeusi. Ikhwan Safaa ipo tangu 1905! Bournemouth Symphony Orchestra ya Uingereza, inayohudumia mkoa mzima wa kusini magharibi, ilianza 1893, kwahivo imetuzidi miaka kumi na mbili tu. Na Culture Musical Club, klabu yetu nyengine ya taarab, nayo ipo toka 1958.

Ukitaka kutafuta tofauti itafute kwenye mshahara. Kule Uingereza mpiga fidla wa okestra ya mkoa ndo kazi yake hiyo, analipwa kwa mkataba, sehemu ya pesa inatoka serikalini, nae anatakiwa azunguke miji midogo na maskuli. Kwetu wengi mchana wana kazi nyengine, jioni ndo klabu, na malipo yanategemea shughuli. Lakini ile kazi ya kuhudumia watu wa mahali wanaifanya, harusi wao, Idi wao, mgeni wa serikali wao, na vijana wanaotaka kujifunza kupiga udi au ganuni tangu 2002 wana chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), ambacho walimu wake wengine ni hawa hawa wa kwenye vilabu.

Kwahivo ndugu zangu wa kamati za harusi, mkimuita kijana wa kibodi andikeni "taarab ya kisasa" au "muziki" tu, hatokasirika, pesa yake ni ile ile. Hilo neno jengine liwekeni siku mtakayowaita wenyewe, na siku hiyo mpange viti vya kutosha jukwaani.