Dana: kutoa bila masimango

Kila nikifika kwa Wabuddha katika somo la dini za dunia, wanafunzi wangu hapa Mwanza huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, mtawa anayezunguka na bakuli si ombaomba tu?"

Haombi. Thailand au Myanmar, mtawa hupita asubuhi na mapema, peku, kimya. Mwenye wali humtilia. Chakula chenyewe akile kabla ya adhuhuri, wala haruhusiwi kukilaza hadi kesho. Na hasemi asante. Anayeinamisha kichwa ni aliyetoa. Hapo darasa huguna, maana kwetu mtu akipokea kimya kimya tunauliza kalelewa na nani.

Lakini dana, neno la Kipali la utoaji, linamshughulikia kwanza mtoaji. Mgonjwa ni ule mkono uliokamata na hautaki kuachia. Ndiyo sababu walei hufundishwa dana kwanza, halafu maadili, kutafakari baadaye. Mtu asiyeweza kuachia kibaba cha wali, hasira ataiachiaje?

Buddha alisema mtoaji mwema hufurahi kabla ya kutoa, moyo wake hung'aa anapotoa, na huridhika akishatoa. Hiyo hatua ya tatu ndiyo hutushinda. Kiswahili kinaujua ugonjwa wake kwa jina: masimango.

Mimi mwenyewe ninao. Siku moja nilitoka Mwaloni, Kirumba, na sado ya dagaa, nikamgawia jirani bakuli zima. Wiki haijaisha akanipita njiani bila salamu, pengine hakuniona. Moyoni nikasema, "Na dagaa wangu kala!" Sikumwambia mtu. Ila kwa hesabu ya dana, masimango ya kimoyomoyo nayo yamo, na dagaa wale nilikuwa nimeshawarudisha mkononi, wameoza.

Tena si vitu peke yake vinavyotolewa. Kufundisha dhamma, yaani mafundisho ya Buddha, ni dana, na Dhammapada, kitabu cha beti za Buddha, inaiweka juu ya zawadi zote. Anayejizuia kuua naye huhesabiwa ametoa: amevipa viumbe usalama, visimwogope.

Nilipofika hapo muhula uliopita, kijana mmoja wa nyuma, baba yake mvuvi, akanyoosha mkono.

"Sasa Mwalimu, wale dagaa wa kwenye bakuli, wao walipewa nini?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kengele ikalia sijamjibu.