Je, wajua kwa nini tumbawe laini hujifunga na kung'aa kama limepakwa nta?

Sarcophyton ni tumbawe laini lenye umbo la uyoga na ngozi nene, na wafugaji wa viumbe vya baharini hulipenda kwa usugu wake. Kisha siku moja minyiri yake yote inarudi ndani. Linanywea, rangi inafifia, na juu yake panatanda kitu king'aavu. Wengi huamua papo hapo kuwa ni ugonjwa, na dawa inamiminwa tangini.

Mara nyingi si ugonjwa hata kidogo. Tumbawe linajisafisha.

Kosa hili lina gharama. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba huua matumbawe, kamba na konokono hata ikiwa kidogo. Tumbawe zima linatiwa sumu kwa sababu limejifunga, kisha linapokufa mwenyewe anaona kumbe kweli lilikuwa gonjwa.

Tumbawe haliwezi kuhama. Mchanga, taka na chembe za mwani huliangukia usiku na mchana. Ndani ya nyama yake unaishi mwani mwingine, mdogo mno, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Ngozi ikifunikwa, chakula hupungua.

Hapa mafundi wa mashua wa pwani wataelewa upesi. Sehemu ya chombo inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Baharini, vinavyoganda hushika deheni, havishiki mbao. Deheni kuukuu ikikwanguliwa, vyote huondoka nayo, na mbao hupakwa upya. Tumbawe hutoa deheni yake lenyewe: ute unakuwa utando, utando unabeba kila kilichonata, kisha unabanduka vipande vipande. Kinachokosekana ni mkono wa kukwangua, na kazi hiyo hufanywa na maji yanayopita. Kwenye miamba ya Nyali na Bamburi ipo nguvu ya kutosha: bamvua hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, na kusi ikivuma mawimbi hayatulii. Tangini kuna pampu tu. Ikiwa dhaifu, utando hukaa, uchafu unaoza chini yake, na hapo ugonjwa wa kweli unaweza kuanza.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuongeza mwendo wa maji, bila kuyaelekeza moja kwa moja kwenye tumbawe, na kusubiri. Kujivua huchukua siku chache, pengine wiki mbili. Wakati huo pima maji: joto liwe nyuzi 24 hadi 27, chumvi karibu gramu 35 kwa kilo. Miezi ya kaskazi, joto la tangi la Mombasa hupanda kwa urahisi, na joto peke yake latosha kulifunga tumbawe.

Ugonjwa una sura nyingine. Nyama inalegea na kuyeyuka, doa jeusi au la kahawia linatambaa siku hadi siku, au ute wa kahawia unatoka na kunuka uvundo. Utando wa kujivua hauozeshi nyama. Chini yake ngozi ni ngumu na nzima.

Pakioza, toa tumbawe nje ya tangi, kwani likikatwa humwaga kemikali zinazowaumiza majirani. Vaa glavu na miwani. Kata kwa wembe safi hadi kwenye nyama nzima, kisha lichovye kwa muda mfupi katika maji ya tangi yaliyotiwa dawa ya ayodini ya matumbawe. Fuata kipimo cha chupa bila kuzidisha: maarifa haya yametokana zaidi na mazoea ya wafugaji kuliko majaribio ya maabara, na kinachovumiliwa na aina moja huumiza nyingine. Mkaa wa kuchujia maji utanasa kemikali zilizobaki.

Usitupe vipande vizima vilivyokatwa. Kifungwe kila kimoja juu ya jiwe, mahali penye mkondo wa wastani, nacho kitashika na kukua kuwa tumbawe kamili.