Kutoboa makombe kwa mkono maana yake nini hasa

Wengi wakisikia kutoboa kombe la baharini wanafikiria msumari na nyundo, unalaza kombe chini unagonga mara moja bas. Hapo umevunja, hujatoboa. Kutoboa kwa mkono ni kusaga, yani unalila kombe kidogo kidogo mpaka tundu litokee uzi upite, uwe unataka hereni, mkufu ama pazia la mlangoni.

Sababu ni hii, kombe ni chokaa, kalsiamu kabonati ile ile ya matumbawe yanayochomwa chokaa huku Lamu, na mnyama wake amelijenga tabaka juu ya tabaka, kwa hivyo ukiligonga ufa unakimbia mpaka ukingoni na kipande kinabanduka. Lakini ukilisaga linakubali.

Kombe la kauri ndo rahisi kuliko yote. Ishike tumbo juu mgongo chini, sugua kwa jiwe la matumbawe ama sakafu ya simiti yenye maji, ule mng'aro unaondoka kwanza, afu rangi inabadilika, kwa kauri ndogo zile za pete ya manjano utaona buluu inayoelekea zambarau, hapo punguza nguvu manake umebaki na ngozi nyembamba sana, ukiendelea pole pole tundu linafunguka lenyewe. Kingo zake zinakata kidole, zipitishe msasa kabla hujatia uzi.

Kombe bapa lile la pande mbili linataka keekee ama drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole. Mafundi wa majahazi kule Matondoni, Lamu, wanaijua keekee vizuri, uta unakwenda unarudi ncha inazunguka. Chagua pale karibu na bawaba, yani pande mbili zinapoungana, ndo pana unene, chora alama kwa ncha ya tupa ili isiteleze, anza na ncha nyembamba ya milimita 1 hivi ndo upanue, na usikandamize, hasa ukikaribia kutokea upande wa pili.

Maji ni lazima jamani. Yanapoza ncha na yanashika vumbi, na vumbi la kombe ni baya kwa mapafu, likikauka hewani unalivuta bila kujua, kwa hivyo vaa barakoa hata kama kazi ni ya kombe moja. Wengine wanaloweka kwenye siki ama ndimu ili lilainike, mimi sishauri, asidi inakula chokaa yote sio pale unapotaka tu, na mng'aro haurudi.

Afu utakuta mengine ufuoni yana tundu tayari, la duara, pana nje jembamba ndani. Hilo limetobolewa na konokono wa baharini mwenye ulimi wa meno, anakwaruza huku akitoa asidi mpaka amfikie mnyama wa ndani amle. Naye anasaga! Na wazee wetu vile vile, kule Tumbe, Pemba, vimechimbuliwa vigae vya vyungu vya karne ya 7 mpaka ya 10 vyenye michirizi, wataalamu wanasema vilikuwa vya kusagia shanga za makombe.

Kwa walioko Malindi, ndani ya hifadhi ya bahari, iliyowekwa tangu 1968, kuokota makombe hairuhusiwi hata yakiwa matupu. Nje ya hapo okota yaliyokufa, na uligeuze kwanza uangalie, manake mengine yamehamiwa na kaa.