Unyumbufu ni nini? Jaribio la mpira, rula na chupa ya maji

Unyumbufu ni uwezo wa kitu kurudia umbo na urefu wake wa awali kikishaachiliwa na nguvu iliyokivuta au kukibonyeza. Kuvutika peke yake hakutoshi. Chingamu iliyotafunwa huvutika mno, lakini ukiiachia inabaki hivyo hivyo, imelegea. Springi ya chuma huvutika kidogo tu na kurudi sawasawa, nayo ni nyumbufu kwelikweli. Mpira una tabia zake za pekee, na ndizo jaribio hili linazozionyesha.

Tafuta rababendi yenye upana wa milimita 5 hivi. Ukiikosa, mwombe fundi baiskeli kipande cha tyubu kuukuu, ukate mkanda wa upana wa milimita 3. Kata kwa mkasi mkali bila kuacha pengo ukingoni, kwa maana mpira huanza kuchanika pale penye pengo. Utahitaji pia rula ya sentimita 30, uzi, chupa ya plastiki ya nusu lita na sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa.

Tundika mpira kwenye msumari. Katika nyumba za zamani za Lamu, boriti ya dari inafaa sana. Funga chupa shingoni kwa uzi, mdomo ukiwa wazi, kisha iningʼinize kwenye mpira. Weka nukta mbili za kalamu juu ya mpira wenyewe na upime kati ya nukta hizo. Ukipima kutoka fundo hadi fundo, fundo likiteleza utadhani mpira umerefuka.

Kabla ya kuandika chochote, vuta mpira kwa mkono mara tano au sita, kwani mvuto wa kwanza wa mpira mpya haufanani na inayofuata. Kisha ongeza maji mililita 100 kwa hatua, yaani sirinji tano. Hayo ni gramu 100, na uzito wake unakaribia nyutoni 1 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Subiri sekunde 30 kila hatua, maana mpira huendelea kurefuka polepole. Soma rula jicho likiwa usawa wa nukta. Upepo wa kusi ukivuma, fanya ndani. Chupa inayobembea haipimiki. Ukifika mililita 500, toa maji kwa hatua zilezile huku ukipima. Uso usiwe karibu: mpira ukikatika hurusha kila kitu.

Chora grafu ya uzito na urefu. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta, na kwa springi utapata mstari ulionyooka. Mstari wa mpira hupinda: mwanzo mgumu kiasi, katikati unalegea, na ukikaribia kikomo unakaza tena. Tena, kwa uzito uleule, mpira ni mrefu zaidi wakati wa kupunguza maji kuliko wakati wa kuongeza. Sehemu ya nishati imegeuka joto. Ndiyo maana mizani ya muuza samaki, ile ya kuningʼiniza yenye mshale, hutumia springi ya chuma. Ingetumia mpira, kilo moja ya changu ingesomeka tofauti kila mara.

Sababu iko ndani. Molekuli za mpira, yaani chembe ndogo zinazouunda, ni ndefu mno na zimejikunja ovyo kama nyuzi zilizovurugana. Ukivuta zinanyooka, ukiachia, mtikisiko wa joto unazikunja upya. Mpira mbichi hunata kwenye joto na haurudi vizuri. Mwaka 1839 mvumbuzi Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa, molekuli hushikana na mpira hurudi ulivyokuwa.

Thibitisha nguvu ya joto. Rudisha maji hadi mililita 500, funga kifuniko, kisha mwagia mpira uliovutika kikombe cha maji ya moto polepole, mkubwa akiwapo. Chupa itapanda! Chuma kikipata moto hurefuka. Mpira uliovutwa hufupika, kwa sababu molekuli zinatikisika kwa nguvu zaidi na kujikunja. Kwa hiyo chukua vipimo vyote kivulini: jua la saa saba likiupiga mpira katikati ya kazi, namba za mwisho hazitalingana na za mwanzo.