Mvi, hina na jua: rangi ya mwili hutengenezwa wapi

Hapa Lamu, mtu akipaka hina kichwani kwa ajili ya harusi, mwezi hauishi kabla weupe haujachungulia shinani, na lawama hutupiwa hina. Hina haina kosa. Rangi yake, losoni, hushikamana na keratini, protini inayojenga unywele, ya unywele uliokwisha kufa. Unywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, na rangi ya asili hutiwa kule chini, kwenye sehemu ya mzizi iliyovimba, ambako mpako haufiki.

Wanaoitia ni seli ziitwazo melanosaiti. Hutengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi na nywele. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali) tirosinezi, chenye madini ya shaba, huchukua tirosini, kijenzi cha protini, na kuigeuza kuwa dopakwinoni. Sisteini, kijenzi kingine cha protini, ikiwa nyingi, hutoka melanini ya aina ya feomelanini, nyekundu; ikiwa haba, hutoka eumelanini, ya kahawia au nyeusi. Yote hufanyika ndani ya vifuko vidogo, melanosomu, maana kemikali za njiani ni sumu kwa seli yenyewe.

Kwenye ngozi, vifuko vilivyojaa hukabidhiwa seli jirani, kiasi cha 36 kwa kila melanosaiti moja, navyo hujikusanya juu ya kiini kukikinga na jua. Mweusi hamzidi sana mweupe kwa idadi ya melanosaiti, ingawa wengi hudhani hivyo. Tofauti ni ukubwa wa vifuko, wingi wa melanini ndani yake, na vinavyochelewa kuvunjwa. Mvuvi aliyeshinda juani huonekana mweusi jioni ile ile kwa sababu melanini aliyokuwa nayo imebadilika. Mpya huchukua siku 2 au 3.

Nywele zina kanuni yake. Unywele wa kichwani hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika, kisha hung'oka. Unaofuata huhitaji melanosaiti mpya kutoka kwenye akiba ya seli mama, yaani seli zinazozaa nyingine. Akiba ikikauka, unywele huota mweupe tangu mwanzo.

Piko nyeusi, mpako wa kuchorea ngozi, ni habari nyingine: mara nyingi ina parafenilinidiamini, kemikali ya rangi inayoweza kutoa malengelenge, na mzio wake ukishaingia, hautoki kirahisi.

Krimu za kujichubua ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zinafika kwenye seli hai. Haidrokwinoni, kemikali iliyomo katika baadhi yake, huzuia tirosinezi. Ikitumiwa miaka, huweza kuleta okronosisi, mabaka ya buluu-nyeusi mashavuni. Mtumiaji huyaona, huongeza krimu, na mabaka huzidi kukolea.